Kikombe cha Babu: jinsi sayansi ilivyogundua "hapa" na "kule" ndani ya ubongo

Tuanzie kwenye daladala. Umekaa siti ya dirishani, na abiria wa nyuma anapitisha mkono karibu na sikio lako ili ampe konda nauli. Hajakugusa. Hukuwa hata unamwangalia. Lakini kichwa chako kimeshasogea pembeni, jicho limefumba nusu, bega limepanda. Nani alikuambia usogee? Ngozi haikusema kitu, maana haikuguswa. Na kama ni macho, mbona hayakushtuka na mikono mingine yote inayopungwa nje pale kituoni?

Jibu fupi ni kwamba ubongo wako hauichukulii nafasi yote kwa namna moja. Kuna nafasi inayouzunguka mwili, ya urefu wa mkono hivi au pungufu, ambayo ina seli zake za kuipima na kuilinda. Halafu kuna nafasi ya kule mbali, inayoshughulikiwa kwa njia nyingine. Wazee wetu waliopima vitu kwa shubiri, dhiraa na pima wasingeshangaa sana kuambiwa kwamba kipimo cha karibu kinatoka mwilini. Wanasayansi iliwachukua sehemu kubwa ya karne ya 20 kulifikia jambo hili, na njiani walipita kwenye unyoya wa kofia, risasi, simba wa sarakasi na kima wenye reki.

Mimi nina sababu yangu ya kuifuatilia historia hii. Babu yangu mzaa mama alipata kiharusi nikiwa kidato cha tatu. Alirudi nyumbani anatembea, anaongea vizuri, anakumbuka nani anadaiwa nini kijiji kizima. Ila alikuwa akila nusu ya sahani. Ugali wa upande wa kulia unakwisha, wa kushoto unabaki, kisha analalamika kwamba siku hizi anapunjwa. Chai ukiiweka kushoto kwake haioni, anauliza chai iko wapi. Tulikompeleka walimpima macho wakasema ni mazima, na kweli yalikuwa mazima. Kasheshe ilikuja siku moja amekaa barazani, akauliza, "Nani kawaachia mbuzi wale kwenye mihogo?" Mbuzi walikuwa upande wake wa kushoto, hatua kama thelathini. Tukanyamaza wote. Mjomba ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wanakifikiria: huyu mzee anatufanyia makusudi. Kama mbuzi wa kule anawaona, kikombe cha hapa kinamshindaje?

Swali lile nilikaa nalo miaka mingi kabla sijajua kwamba lina historia.

Unyoya wa kofia

Mwaka 1911 madaktari wawili wa London, Henry Head na Gordon Holmes, walichapisha makala ndefu katika jarida liitwalo Brain kuhusu watu waliopoteza hisia baada ya kuumia ubongo. Head mwenyewe hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka 1903 alimwomba daktari wa upasuaji amkate neva ya mkono wa kushoto, kisha kwa miaka kadhaa, pamoja na rafiki yake W. H. R. Rivers, akawa anachunguza jinsi hisia zinavyorudi kidogo kidogo. Mkono wake mwenyewe, yaani. Tafadhali usijaribu nyumbani.

Katika makala ile ya 1911 walisema kwamba ubongo hubeba aina ya kielelezo cha mwili, kinachorekebishwa kila unapojisogeza. Ndiyo maana gizani unajua mguu wako uko wapi bila kuupapasa. Kisha wakaongeza jambo dogo ambalo wasomaji wengi wangelipita: kielelezo hicho hakiishii kwenye ngozi. Kitu chochote kinachoshiriki katika miondoko yetu huingizwa humo, na mfano wao ulikuwa mwanamke ambaye uwezo wake wa kujua mwili wake ulipo unafika hadi kwenye unyoya wa kofia yake. Sisi tungetoa mfano wa mama aliyebeba ndoo kichwani. Akifika mlangoni anainama kwa kipimo cha ndoo, wala hasimami kupiga hesabu.

Kwa maoni yangu, sentensi ile ya unyoya ndiyo mbegu ya habari yote inayofuata. Lakini ilikaa ardhini muda mrefu.

Mkono uliopotea njia

Head na Holmes walikuwa wanazungumzia mwili. Nafasi iliyo nje ya mwili ilianza kuonekana kwa njia ya kusikitisha zaidi, kupitia watu walioipoteza. Mwaka 1909 daktari wa Budapest aitwaye Rezső Bálint alieleza habari za mgonjwa mmoja aliyekuwa anaona na mwenye mikono yenye nguvu. Hata hivyo, akikata nyama, kisu cha mkono wa kulia kilikuwa kinaitafuta nyama nje ya sahani. Akiwasha sigara, moto ulikuwa unakwenda katikati ya sigara badala ya kwenye ncha. Sasa angalia hapa: mkono wa kushoto ulikuwa unafika vizuri. Macho ni yale yale, mwanga ni ule ule. Kama tatizo lingekuwa kuona, mikono yote miwili ingekosea. Kilichoharibika ni njia ya kutoka kwenye "nakiona" hadi kwenye "nakifikia", tena kwa mkono mmoja tu.

Baadaye ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na Gordon Holmes, yule yule wa unyoya, akapelekwa Ufaransa kutibu askari. Vita ya mitaro ilileta majeraha mengi ya kichwa. Mwaka 1918 Holmes aliandika kuhusu askari waliopigwa sehemu ya nyuma na juu ya ubongo, upande wa utosi. Uwaoneshe kitu, wanakitaja jina bila shida. Uwaambie wakishike, mkono unapotea njia. Uwaulize kati ya vitu viwili kipi kiko karibu, wanabahatisha. Walikuwa wanagonga vitu ambavyo walikuwa wanaviona. Ninapoisoma habari hii huwa nawafikiria vijana wenyewe, wa umri wetu au wadogo zaidi, wanaambiwa macho yao ni mazima huku wanajigonga ukutani.

Mtu wa kwanza kusema waziwazi kwamba pengine kuna nafasi mbili alikuwa Mwingereza aitwaye Russell Brain. Ndiyo, ndilo jina lake la ukoo, Brain, yaani Ubongo, na baadaye akawa mhariri wa jarida lile lile la Brain. Mwaka 1941 alichapisha habari za wagonjwa walioumia upande wa kulia wa ubongo. Baadhi walikuwa wanapotea ndani ya nyumba zao wenyewe kwa sababu walikata kulia hata pale njia ilipokuwa kushoto. Kati ya mambo aliyoyasema ni kwamba tutofautishe umbali wa kushika na umbali wa kutembea. Kitu unachoweza kukishika ukiwa umekaa, na kitu ambacho lazima unyanyuke ukifuate, huenda havishughulikiwi mahali pamoja ubongoni.

Unaona kikombe na mbuzi hapo? Jibu la Mjomba lilikuwa tayari limenusuriwa kuandikwa mwaka 1941. Lakini lilikuwa wazo tu la daktari makini aliyekaa na wagonjwa wake. Hakukuwa na namna ya kufungua ubongo unaofanya kazi na kuangalia kama mpaka huo upo.

Simba na watu

Miaka ile ile, watu wengine kabisa walikuwa wanauchora mduara huo kutoka nje. Heini Hediger, Mswisi aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na mwishowe Zürich, alichapisha mwaka 1942 kitabu kuhusu wanyama pori walio kifungoni. Alieleza kwamba kila mnyama ana umbali wa kukimbia: ukiwa nje yake anakutazama tu, ukiuvuka anaondoka. Ukimbana asiwe na pa kukimbilia na ukazidi kusogea, unafika umbali mwingine ambapo anageuka na kushambulia. Mfunza simba wa sarakasi anaishi kwenye mstari huo. Anapiga hatua moja ndani, simba anamjia hata kwa kukanyaga kigoda kilicho mbele yake. Anarudi nyuma hatua moja, simba anabaki juu ya kigoda, na watazamaji wanapiga makofi.

Mmarekani Edward T. Hall alilichukua wazo hilo akalileta kwa binadamu katika kitabu chake cha 1966, The Hidden Dimension. Humo ndimo zilimotoka zile namba unazokutana nazo kwenye semina za uongozi: hadi sentimita 45 ni eneo la wapenzi na watoto, hadi mita 1.2 hivi ni la marafiki, hadi mita 3.6 la shughuli za kazi, na zaidi ya hapo ni la hadhara. Nitasema ninavyoona. Namba zile zimetumika kupita uwezo wake. Hall mwenyewe alieleza kwamba zilitoka kwa Wamarekani wa tabaka la kati, wengi wao wa pwani ya kaskazini mashariki. Ukizipeleka Mbagala saa kumi na mbili asubuhi, kila abiria ni mpenzi wa mwenzake. Lakini swali lake lilikuwa zuri: kwa nini mwili unajua mpaka ambao hakuna aliyeuchora?

Seli zinazosikia kabla ya kuguswa

Katikati ya karne, wanasayansi walijifunza kuingiza elektrodi nyembamba kama unywele kwenye ubongo wa mnyama aliye macho na kusikiliza seli moja ya neva. Umeme wa seli unapelekwa kwenye spika, na seli ikichangamka unasikia tak-tak-tak. Hatua hii iliwezekana kwa kutumia kima, hasa wa aina ya makaka. Kima hawa hawakuomba kushiriki, na baadhi yao waliharibiwa ubongo makusudi. Wapo wenzetu darasani wanaosema ujuzi uliopatikana unatosha kuhalalisha, wapo wanaokataa. Mimi nimeshabadilisha msimamo mara mbili.

Mwaka 1974 huko Helsinki, Juhani Hyvärinen na Antti Poranen walikuta seli za ajabu sehemu ya utosi. Seli ililia kima alipoguswa mwilini, ikalia pia pale kitu kilipoikaribia sehemu ile ile bila kuigusa.

Kisha ikaja Parma, Italia, 1981. Giacomo Rizzolatti na wenzake walikuwa wanachunguza sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga miondoko. Hapo mtu angetegemea kukuta seli za kuamrisha misuli tu. Wakakuta seli zinazolia kima akiguswa, tuseme, shavuni, na zinazolia vilevile akioneshwa kitu kinacholikaribia shavu hilo. Kitu hicho hicho ukikipeleka mbali, kimya. Ukikirudisha karibu, tak-tak-tak. Kila seli ilikuwa na kipande chake cha ngozi, na kipande cha hewa kilichokaa juu ya ngozi hiyo kama mfuko wa plastiki uliopulizwa.

Kwa nini hakuna aliyeona mapema? Mwaka huo huo wa 1981 David Hubel na Torsten Wiesel walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao kuhusu jinsi ubongo unavyoona, kazi kubwa kweli. Njia yao, iliyoigwa na maabara nyingi, ilikuwa kumweka mnyama mbele ya skrini na kumwonesha mistari ya mwanga. Sasa fikiria mwenyewe. Skrini iko umbali ule ule siku zote, na haikujii usoni. Ukitaka kukuta seli inayojali ukaribu, lazima uchukue kitu mkononi, umsogelee mnyama, urudi nyuma, umsogelee tena. Jamaa wa Parma walifanya hivyo, kienyeji kabisa, na ukaribu ukajitokeza.

Mwaka 1983 kundi hilo hilo likafanya jaribio lililojibu moja kwa moja wazo la Brain la 1941. Kima aliyeondolewa eneo moja la sehemu hiyo ya mbele hakujali tena vitu vilivyo karibu naye upande mmoja, ingawa vya mbali upande huo huo aliviona. Aliyeondolewa eneo la jirani alikuwa kama kinyume chake: vya mbali ndivyo vilivyompita. Kikombe na mbuzi, tena, mahali pawili tofauti ubongoni.

Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Princeton, Michael Graziano na wenzake wakauliza swali lililofuata. Je, ule mfuko wa hewa umefungwa kwenye jicho au kwenye mkono? Mwaka 1994 walionesha jibu: macho ya kima yalibaki yameelekea mahali pamoja, mkono ukasogezwa, na eneo ambalo seli inalijali likasogea pamoja na mkono. Yaani mkono wako unatembea na nafasi yake, kama taa ya baiskeli inavyotembea na mwanga wake.

Jaribio lao la 1997 ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kitu kilisogezwa karibu na uso wa kima, seli ikaanza kulia. Kisha taa zikazimwa, giza totoro. Baadhi ya seli ziliendelea kulia. Wakakiondoa kitu kimyakimya gizani, seli bado zinalia. Taa zikawashwa, kima akaona hakuna kitu, zikanyamaza. Seli zilikuwa zinakumbuka kwamba kitu kipo. Sasa unajua kwa nini umeme ukikatika hujigongi kwenye kona ya meza uliyokuwa umekaa jirani nayo.

Na zina kazi gani? Miaka michache baadaye maabara ya Graziano ilipitisha umeme kidogo, wa nusu sekunde hivi, kwenye maeneo ya aina hiyo. Kima akafumba jicho, akakunja uso, akageuza kichwa, mkono ukapanda kana kwamba unazuia pigo. Hakuna kitu kilichomjia. Ni lile lile ulilofanya kwenye daladala.

Hapa ndipo mduara wa Hediger na ule wa seli unapoanza kukaribiana. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walieleza habari za mwanamke anayejulikana kwa herufi S.M., ambaye sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, yenye kazi kubwa katika hofu, imeharibika pande zote mbili. Walimwomba amsogelee mtu asimame pale anapojisikia vizuri. Alisimama sentimita 34 hivi, karibu nusu ya umbali wa watu wengine, na hata pua kwa pua hakuona tabu. Alijua kwamba wengine hawapendi, ila yeye hakulihisi jambo hilo.

Kurudi barazani

Mwaka 1991 Peter Halligan na John Marshall walichapisha katika jarida la Nature ukurasa ambao ningetamani mtu angetusomea sisi pale nyumbani. Walikuwa na mgonjwa aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Walimpa mistari aiwekee alama katikati. Mistari ikiwa karibu, anatumia kalamu, alama yake ilikwenda kulia sana, kana kwamba sehemu ya kushoto ya mstari haipo. Wakaipeleka mistari mbali asikoweza kufika, wakampa kitu cha kurushia mwanga aoneshe katikati. Kosa likapotea, au likabaki dogo sana. Huyu alikuwa mtu mmoja, mwenye macho mamoja na kiharusi kimoja. Kushoto kwa karibu kulikuwa kumefutika, kushoto kwa mbali kulikuwepo.

Wagonjwa wengine walioelezwa baadaye walikuwa kinyume chake, wazima kwa karibu na wenye shida kwa mbali. Wengi wana shida kote kote. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kila mwenye kiharusi anayeacha nusu ya ugali yuko kama Babu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuona mbuzi na kutoona kikombe si ushahidi wa makusudi. Mjomba nilimweleza hayo miaka mingi baadaye, kwa simu. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Historia ingeweza kuishia hapo, lakini unyoya wa Head na Holmes ulikuwa bado unangoja. Mwaka 1996 Atsushi Iriki na wenzake huko Tokyo waliwafundisha kima kuvuta chakula kwa reki ndogo. Kabla ya kuitumia, seli za utosi zilikuwa zinajali nafasi ya kuzunguka kiganja. Baada ya dakika chache za kuvuta chakula, eneo hilo lilirefuka likafuata reki hadi mwisho wake. Kima akipumzika dakika kadhaa, linajirudi. Na akiishika tu reki bila kuitumia, halirefuki. Kumbe kinachoingiza kifaa kwenye mwili ni kazi.

Mwaka 2000 Anna Berti na Francesca Frassinetti waliipeleka habari hiyo kwa mgonjwa wa aina ya yule wa 1991. Mistari ya mbali akiionesha kwa mwanga wa leza, hakuwa na shida. Wakampa fimbo ndefu inayofika kwenye mistari ile ile, na kosa la kushoto likarudi. Fimbo ilikuwa imeigeuza "kule" kuwa "hapa", na kwenye "hapa" ndiko alikokuwa mgonjwa. Nilipoisoma makala hiyo nilikumbuka bakora ya Babu, na milango aliyokuwa akiigonga nayo.

Upande wa heri wa jambo hilo ulioneshwa mwaka 2007, Andrea Serino na wenzake walipowapima watu wasioona wanaotumia fimbo nyeupe kila siku. Kwa kawaida, sauti iliyo karibu na mkono huharakisha jibu lako unapoguswa mkononi, na sauti ya mbali haina nguvu hiyo. Kwa watu hawa, wakiwa wameshika fimbo yao, sauti iliyotoka kwenye ncha ya fimbo ilifanya kazi kama sauti ya karibu. Kwa hiyo unapoirukia au kuikanyaga fimbo ya mtu asiyeona pale stendi, kwa ubongo wake hukugusa kijiti kilicho mbali naye.

Si kila mtu anakubaliana na maelezo haya. Wapo wanaosema kifaa hakirefushi nafasi ya mwili, ila kinavuta umakini kwenda kwenye ncha yake. Na kuanzia 2018 Rory Bufacchi na Giandomenico Iannetti wamekuwa wakibisha kwamba tuache kuzungumza habari ya puto moja lenye ukuta, ndani na nje. Kwao kuna maeneo mengi yanayopandana, yenye nguvu inayopungua taratibu kadiri kitu kinavyokuwa mbali, na yanayobadilika kutegemea kama kinachokuja ni nyigu au andazi. Mimi naona wana hoja. Mfano wangu wa mfuko wa plastiki huko juu, usiushike kwa nguvu sana.

Kuna jambo moja unaloweza kulijaribu leo, na linapita kwenye lugha. Mwaka 2008 Kenny Coventry na wenzake waliwaweka watu mezani wakawaomba wavitaje vitu vilivyopangwa kwa umbali tofauti. Vya karibu na mkono waliviita kwa neno la karibu, Kiingereza na Kihispania vyote vinayo, na vya ng'ambo kwa neno la mbali. Walipopewa fimbo ya kuoneshea, neno la karibu likasogea kwenda mbele pamoja na fimbo. Kiswahili kina hiki, hicho na kile, tajiri kuliko Kiingereza kwa hilo. Panga vikombe mezani, mwombe mtu avitaje mmoja mmoja kwa kuvionesha, kwanza kwa kidole, halafu kwa mpini wa fagio. Usimwambie unachotafuta. Sikiliza tu "kile" kinaanzia wapi.

Babu aliishi miaka minne baada ya kiharusi. Katika muda huo hakuna aliyetueleza lolote kati ya haya. Bibi ndiye aliyepata dawa ya ugali. Sikumsikia hata siku moja akibishana na Babu kuhusu kupunjwa. Alikuwa anangoja nusu ya kulia iishe, ananyoosha mkono, anaizungusha sahani, na Babu anaendelea kula.